Siku 51 na Falsafa ya Kasi

Usiku mmoja baada ya sala ya isha, mwana wa marehemu dada yangu alinijia Kibokoni, akaketi nami barazani kama tulivyozoea, na kabla kahawa haijamiminwa akaniambia, "Mjomba, kuichelewesha akili mnemba ni kuua watu." Hakulisema kwa kunichokoza. Alilisema kama mtu aliyebeba jambo muda mrefu na hatimaye amelipatia maneno. Alijua pia kwamba ningetaka kumjibu kwa ile methali ya haraka na baraka, kwa hiyo akanitangulia: "Na chelewa chelewa je?" Nikanyamaza, kwa sababu nilifahamu kwamba anamsema mama yake.

Dada yangu alifariki kwa saratani ya titi. Kati ya siku alipokatwa kipande cha nyama ili kipimwe na siku tulipoitwa kusomewa majibu zilipita wiki saba na ushei, na daktari aliyempokea baada ya hapo alituambia bila kuficha kwamba angalimwona mapema angalikuwa na mengi zaidi ya kumfanyia. Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 17. Sasa anasomea kompyuta katika chuo kikuu hapa hapa Mombasa, na katika kusoma kwake amekutana na falsafa ambayo wenyewe huiita e/acc, yaani uharakishaji wenye tija, nayo imemshika moyo. Ninaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wa rika lake ambao wataisoma falsafa hiyo bila ya kuwa na mzee wa kubishana naye.

Fikra ya kuharakisha haikuanza na akili mnemba. Katika miaka ya 1990, kwenye Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza, mwanafalsafa Nick Land na wenzake waliandika kwamba mtaji na teknolojia ni nguvu moja inayojisukuma yenyewe, na kwamba kazi ya mwanafikra si kuizuia bali kuiacha ifike mwisho wake, hata kama mwisho huo hauna nafasi ya binadamu. Jina la uharakishaji lilienezwa baadaye na mkosoaji wao, Benjamin Noys. Tawi la leo lilichipuka mwaka 2022 mitandaoni, na msemaji wake mkuu alikuwa mtu aliyejificha nyuma ya jina Beff Jezos, hadi Desemba 2023 jarida la Forbes lilipomtambulisha kuwa ni Guillaume Verdon, mwanafizikia wa Kanada aliyewahi kufanya kazi ya kompyuta za kwanta katika Google na ambaye ameanzisha kampuni yake mwenyewe, Extropic, ya kutengeneza vifaa vya ukokotozi.

Msingi wa tawi hili umetafutwa katika fizikia, na hapa ndipo vijana wenye akili wanaponaswa, kwa sababu hoja ina sura ya sayansi. Mwaka 2013 mwanafizikia Jeremy England alichapisha makala kuhusu vitu vinavyojinakili, akieleza jinsi mifumo inayopokea nishati kutoka nje inavyoweza kuelekea kwenye maumbo yanayoitawanya nishati hiyo kwa wingi zaidi. Verdon na wenzake waliichukua hoja hiyo wakaivusha mbali sana na ilikotoka. Kwao uhai, soko na akili ni njia za ulimwengu za kuchota nishati na kuitawanya. Ustaarabu unaochota zaidi ndio unaokwenda na mkondo. Na akili mnemba, kwa kuwa itatuwezesha kuchota kuliko wakati wowote, ni hatua ambayo maumbile yenyewe yanaidai. Kipimo chao ni kile kilichopendekezwa mwaka 1964 na mwanaastronomia wa Kisovieti Nikolai Kardashev, kinachopanga staarabu kwa nishati zinazotumia, kuanzia kiwango cha sayari, kisha nyota, kisha galaksi nzima.

Oktoba 2023 Marc Andreessen, mmoja wa waandishi wa Mosaic, programu iliyowafungulia watu wa kawaida mlango wa wavuti mwaka 1993, na ambaye sasa ni mwekezaji mkubwa katika kampuni za teknolojia, alichapisha ilani ndefu ya kuutukuza mwendo huo. Humo aliwataja Beff Jezos na Nick Land miongoni mwa watu anaowaenzi. Humo pia ndimo lilimo neno lililomgusa mpwa wangu: kwamba kuipunguza kasi akili mnemba kutagharimu roho za watu, na kwamba vifo ambavyo ingevizuia, lau haikuzuiwa isiwepo, ni aina ya mauaji. Ilani hiyo hiyo iliorodhesha fikra inazozihesabu kuwa maadui, na miongoni mwao ikaweka kanuni ya tahadhari, maadili ya teknolojia na usimamizi wa hatari. Ilikuwa ni mwaka wa mabishano makali. Mwezi Machi watu maelfu, wakiwemo wanasayansi mashuhuri, walikuwa wametia saini barua ya kutaka mafunzo ya mifumo yenye nguvu kuliko GPT-4, akili mnemba ya kampuni ya OpenAI, yasimamishwe kwa angalau miezi 6, na mwezi Mei Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa taaluma yenyewe, aliondoka Google ili aweze kuzieleza hatari hizo kwa uhuru.

Sitaki kuidharau hoja ya kijana, kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ni nzito. Tunapozihesabu hatari za chombo kipya hatuzoei kuhesabu walioumia kwa kukikosa; hao hawana picha magazetini, wala hapana tume inayoundwa kwa ajili yao. Yapo pia matunda yanayoonekana kwa macho. Programu ya akili mnemba iitwayo AlphaFold imetabiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, kazi ambayo zamani ilimchukua mtafiti miaka kwa protini moja tu, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa sababu yake. Nchini Sweden, utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 80,000 ulitoa matokeo yake ya mwanzo mwaka 2023: picha za matiti zilizosomwa kwa msaada wa akili mnemba ziligundua saratani kwa kiwango kisichopungua kile cha madaktari wawili, huku kazi ya kusoma picha ikipungua kwa asilimia 44. Mpwa wangu anaijua namba hiyo kwa moyo. Mtu aliyempoteza mama yake kwa ugonjwa huo ana haki ya kuijua kwa moyo.

Lakini mimi nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa miaka 31, na kazi ile ilinifundisha kuuliza swali moja kabla ya mengine yote. Tajiri akija ofisini akilalamika kwamba kontena lake limekaa mwezi mzima Kilindini, hatumuulizi meli ilikuwa na kasi gani. Tunamwomba karatasi. Kila karatasi ina muhuri, kila muhuri una tarehe, na kati ya tarehe na tarehe ndimo ulimojificha ucheleweshaji. Ukizipanga karatasi hizo mezani kwa utaratibu wake, mara nyingi utaona kwamba meli ilitumia siku chache, kreni ikatumia dakika, na kilichobaki chote ni kusubiri: kusubiri saini, kusubiri nafasi uwanjani, kusubiri mtu mmoja arudi kutoka likizo, huku gharama za demareji, yaani tozo za kuchelewa, zikimpanda mwenye mzigo.

Basi nikaingia ndani nikaitoa bahasha ya dada yangu, ambayo sikuwa nimeifungua tangu mazishi, nikazipanga karatasi zake barazani chini ya taa kama nilivyozipanga za watu wengine maisha yangu yote.

Kipande cha nyama kilikatwa tarehe 3 Machi. Kiliondoka Mombasa tarehe 14, kwa sababu sampuli zilikuwa zikikusanywa kwanza hadi zifikie idadi ya kusafirishwa kwa pamoja. Kilipokewa Nairobi tarehe 16. Kilikaa kwenye foleni hadi tarehe 29. Daktari bingwa alikisoma akatia saini tarehe 30. Ripoti ilipigwa chapa tarehe 8 Aprili. Ilifika Mombasa tarehe 13. Sisi tuliitwa tarehe 23.

Mpwa wangu alizijumlisha mwenyewe kwa kalamu ya risasi, akapata siku 51. Nikamwambia atenge zile ambazo mashine ya kusoma, iwe na kasi ya kupita fikra, ingeziondoa. Akatenga siku 1 ya kusoma na siku 13 za foleni, kwa kuwa foleni ile ilitokana na uchache wa wasomaji, nami nilikubaliana naye, kwa maana ni haki yake. Zikawa 14. Zikabaki 37.

Hakukata tamaa, na niseme kwamba nilimpenda zaidi kwa hilo. Akasema, "Lakini mjomba, kama mashine ingekuwa hapa Mombasa, hapangekuwa na haja ya Nairobi." Akaziondoa siku 11 za kusubiri mkusanyo, 2 za kwenda na 5 za kurudi. Zikabaki 19, yaani 9 za kupiga chapa na 10 ambazo ripoti ililala juu ya meza ya mtu bila ya sisi kuitwa. Halafu akasema kwamba ripoti ingeweza kujiandika yenyewe na ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama yake saa hiyo hiyo. Nikamwambia ndiyo, yote hayo ni kweli. Kisha nikamuuliza ni lipi kati ya hayo lililokuwa likisubiri akili ambayo bado haijavumbuliwa. Kompyuta ya kupigia ripoti ilikuwepo. Simu ya mama yake ilikuwepo mfukoni mwake, imewashwa. Kamera za kupiga picha za darubini na kuzituma Nairobi bila ya kusafirisha kipande cha nyama zilikuwepo duniani, na nyaya za chini ya bahari za kuzipitisha picha hizo zilikuwa zimefika pwani hii ya Mombasa tangu mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Tulifurahi sana siku zile. Kasi ilitufika mlangoni, ikasimama hapo, na mtu aliyehitaji kuitumia hakuipata.

Hapo ndipo ninapoachana na falsafa hii. Inazungumza juu ya kasi kana kwamba ni sifa ya chombo kimoja, wakati kasi ni sifa ya mnyororo mzima, na mnyororo hauendi kwa mwendo wa pete yake iliyo nyepesi. Bandari yetu ilifunguliwa kituo cha pili cha makontena mwaka 2016, chenye uwezo wa makontena 550,000 ya futi ishirini kwa mwaka katika awamu yake ya kwanza. Lilikuwa jambo jema na lenye kuhitajika. Hata hivyo kila mtu aliyefanya kazi Kilindini anajua kwamba ukiongeza kreni gatini bila ya kupanua uwanja na lango, makontena hayafiki upesi kwa wenyewe. Msongamano huhama tu, kutoka melini ambako mwenye meli ndiye anayelipa, kwenda uwanjani ambako mwenye mzigo ndiye anayelipa. Wanaoharakisha mifumo mikubwa zaidi huko San Francisco wanaharakisha gati. Sijawasikia wakizungumza juu ya lango.

Na mlipaji wa msongamano si jambo dogo. Reli ya kwanza ilianza hapa kisiwani mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, haraka iliyowashangaza wengi wakati huo. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walifia kwenye ujenzi huo. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba shehena za bara zipande treni, mizigo ilikwenda kwa kasi iliyotakiwa, na madereva, mafundi, wenye maghala na akina mama wauza chakula kuanzia Changamwe hadi Mariakani wakaachwa barabarani. Watu wa Mombasa waliandamana wiki kwa wiki. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022. Nilikuwa na wateja waliofurahia treni, na nilikuwa na majirani waliouza malori yao kwa bei ya chuma chakavu, na sijaweza mpaka leo kuyasimulia hayo kana kwamba ni matendo ya mkondo wa nishati. Palikuwa na watu walioamua. Walikuwa na majina na ofisi, ndiyo maana ikawezekana kuandamana mbele yao na ikawezekana uamuzi kubadilishwa.

Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika hoja ya fizikia. Mtu akisema kwamba ulimwengu wenyewe ndio unaotaka akili mnemba iende mbio, amewaondoa waamuzi wote mezani, na hapana tena wa kuulizwa. Manahodha wa majahazi walioingia Bandari ya Kale kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi waliitegemea kanuni ya maumbile kuliko mhandisi yeyote wa leo, kwa maana bila upepo wao hawakuwa na safari. Lakini nahodha aliyemwaga mali ya watu baharini hakuruhusiwa kusema kwamba ni upepo ndio uliotaka, kwa sababu kila mtu alijua kwamba pepo zina majira na kwamba ni yeye aliyechagua siku ya kung'oa nanga, kiasi cha shehena na njia ya kupita. Kwamba nishati hutawanyika ni jambo la kweli. Kwamba kwa hiyo kampuni fulani isiwekewe sheria mwaka huu ni jambo jingine kabisa, na hapana mlinganyo wa fizikia unaotoka la kwanza ukafika la pili.

Wafuasi wa mwanzo waliandika pia, bila kuficha, kwamba hawana utiifu wa pekee kwa mwili wenye uhai kama chombo cha akili. Ikiwa akili itaendelea katika chombo kingine, kwao inatosha. Nilimsomea mpwa wangu sehemu hiyo, kwa sababu sikudhani kwamba alikuwa ameifikia. Alikaa kimya kwa muda. Yeye aliingia katika falsafa hii kwa mlango wa mama yake, na akakuta ndani ya nyumba kwamba mama yake hakuwa hata miongoni mwa sababu za kuijenga.

Vilevile nilimkumbusha kwamba kasi ya mifumo hiyo tayari imepita nchini kwetu. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha na kuyawekea alama, ili programu ya ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Walioharakishwa ni wengine, na waliobeba usingizi wa mang'amung'amu ni vijana wa rika lake mwenyewe. Jambo hilo halikuwa geni kwake, lakini hakuwa ameliweka karibu na lile jingine.

Katika mabishano haya yote, niliyemwona karibu zaidi na fikra zangu ni Vitalik Buterin, mmoja wa waasisi wa Ethereum, mtandao wa sarafu za kidijitali, ambaye Novemba 2023 aliandika juu ya kuharakisha kwa kuchagua: kukimbiza teknolojia zinazolinda, kama vile chanjo na usalama wa mifumo, na zile zinazosambaza uwezo badala ya kuulimbikiza mikononi mwa wachache, na kutozikimbiza nyingine kwa kasi hiyo hiyo. Sikubaliani naye kila mahali. Anaamini soko kuliko ninavyoweza kuliamini mimi. Lakini angalau anauliza ni nini kinachoharakishwa, na kwa ajili ya nani, maswali ambayo wakala yeyote wa forodha huanza nayo asubuhi.

Mpwa wangu hakuniambia kwamba ameiacha falsafa yake, nami sikumtaka aseme hivyo. Anaamini bado kwamba mashine za kusoma saratani zije upesi, na hilo ninaliamini pamoja naye. Alichofanya ni kuomba karatasi za mama yake azitoe nakala. Kesho yake alizirudisha, akiwa ameandika kwa kalamu ya risasi pembeni ya kila pengo jina la kazi iliyokuwa ikisubiriwa, na mbele ya zile siku 11 za kwanza ameweka alama ya kuuliza. Anataka kujua kama bado sampuli za Mombasa husubiri kukusanywa hivyo, na nani anayepanga siku ya gari kuondoka. Jumatatu asubuhi tutakwenda pamoja kuuliza.